Nani anahesabu siku? Historia ya maneno ya kazi, toka mpagazi mpaka "employee"



Katika masomo ya Kiingereza ya jioni ambayo jumuiya yetu inatoa, somo linalojaza watu kuliko mengine yote ni lile la kazi. Kila mtu anataka kujua jinsi ya kusema "mimi ni masoni", "natafuta kazi", "nilifanya kazi miaka mitano". Wako na haki. Matangazo ya kazi yanayobandikwa kwenye milango ya mashirika hapa kwetu yanaandikwa kwa Kifaransa, na mengine kwa Kiingereza. Kiswahili chetu kinabaki inje kwenye mstari pamoja na watu.

Lakini kuko hatari moja. Mtu anaweza kushika kwa kichwa majina hamsini ya kazi, "driver", "cook", "guard", "cleaner", na bado akatia saini karatasi ambayo haielewi. Wakati wa kiangazi kilichopita memba wetu wamoja walituletea karatasi za namna hiyo. Walikuwa wamefanya kazi miezi minne, asubuhi mpaka jioni. Juu ya karatasi paliandikwa "volunteer". Wao walifikiri hilo ni jina la cheo, sawa vile kapita. Siku ya mwisho walipouliza dekonte yao, waliambiwa kwamba mtu wa kujitolea hana dekonte. Jina la shirika tunaliacha, maana shida yenyewe ni kubwa kuliko shirika moja, na ni ya zamani.

Ndiyo sababu katika toleo hili tumeona vema tuandike historia kidogo. Tukifuata maneno ya kazi toka wakati wa babu zetu mpaka leo, tunakuta jambo lilelile: kila neno la kazi linabeba hesabu ndani yake. Linasema nani anahesabu, anahesabu nini, na mtu atapata nini hesabu ikitimia. Anayejua jina la kazi bila kujua hesabu yake, huyo anajua nusu.

Njia ya Ujiji

Kiswahili kilifika kwetu kikiwa ndani ya kazi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka upande wetu, na kuendelea mpaka Kasongo na Nyangwe kule Maniema. Walitafuta pembe za tembo, na walichukua watu pia. Ndani ya misafara hiyo mulikuwa majina ya kazi: mpagazi aliyebeba mzigo, kirangozi aliyetangulia njiani, na fundi mwenye ujuzi wa mikono.

Kuko pia neno posho. Posho ilikuwa sehemu ya chakula ya mpagazi au ya askari, na mara nyingi ilitolewa kwa kitambaa au shanga ili mwenyewe akanunue chakula kijijini. Posho haikuwa malipo ya jasho. Ilikuwa kitu cha kumfanya mtu afike kesho na mzigo wake. Mushike neno hilo, sababu tutalikuta tena mbele, limevaa nguo ya Kiingereza.

Karatasi ndogo

Wengi wetu tuliishi Tanzania miaka mingi, na huko tulisikia watu wakisema "naenda kibaruani". Neno hilo ni barua ndogo, ki-barua. Kwenye pwani, mtu wa kazi ya siku alipewa karatasi ndogo kama ushahidi, na baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Kule Zanzibar katika karne ya 19 wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa. Walifanya kazi kwa mtu mwingine, na bwana wao alichukua sehemu ya malipo. Kwa hiyo tangu mwanzo neno kibarua lilikuwa na swali ndani yake: pesa za siku hiyo zinaingia mfuko wa nani?

Baadaye kukaja kipande. Katika Tanganyika ya wakoloni, mfanyakazi wa shamba alipewa kipande chenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, msimamizi alitia alama. Mshahara ulitoka wakati alama zote 30 zimetimia, hata kama mwezi wa kalenda ulikuwa umekwisha kupita. Kule Kenya, kuanzia miaka ya 1920, kipande kikawa pia kitambulisho chenye alama za vidole, na wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Tazama sasa neno mshahara. Limetoka kwa Kiarabu, na mzizi wake ni "shahr", maana yake mwezi. Neno lenyewe linaahidi malipo ya kila mwezi. Lakini mwezi wa mwenye shamba ulikuwa ule wa alama 30, na aliyeshika kalamu ni msimamizi. Watu walitumia neno moja wakiwa na hesabu mbili.

Kapita na boyi

Kwetu Kongo majina yalipita njia nyingine. Kapita limetoka kwa Kireno, "capitão". Wakati wa Leopold, makapita wa kampuni za mpira wa msitu walikuwa walinzi wenye bunduki waliosimamia vijiji vilete mpira. Mwaka 1903 sheria ya utawala huo iliweka masaa 40 ya kazi kwa mwezi kama kodi. Kwa karatasi ilikuwa masaa 40. Kule msituni aliyehesabu alikuwa mwenye bunduki. Leo kapita ni mkubwa wa ekipe kwenye shantie, na hakuna anayeogopa neno hilo. Maneno nayo yanaweza kusafishwa.

Kule Katanga, Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga kwa kutafuta watu wa kazi. Mwaka huohuo reli toka kusini ilifika Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Na reli hiyo Kiingereza kiliingia, sababu wazungu wengi wa mwanzo pale walitoka Rhodesia na Afrika ya Kusini, na wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Neno la Kiingereza lililobaki mpaka leo ni boyi. Kwa Waingereza "boy" ni mtoto mwanamume. Kwa wakoloni ilikuwa baba wa familia mwenye mvi, anayepika na kufua. Mshahara wa mtoto unaweza kuwa mdogo, sivyo? Hesabu ilikuwa ndani ya jina.

Watu hawakunyamaza. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara uongezwe, sababu bei za vitu zilikuwa zimepanda wakati wa vita. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, na askari waliwapiga risasi. Wengi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake.

Na kuko jambo moja ambalo sisi wa jumuiya tunapashwa kulijua. Mwaka 1965, katika mji huohuo, chama cha watu waliokuwa maboyi kiliandikisha historia yao wenyewe kwa Kiswahili cha kule. Aliyeitunga ni André Yav. Kitabu hicho kidogo kiliitwa kwa Kifaransa "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville. Tafakari: watu wa kazi za nyumbani waliandika historia ya mji, na wakaiita orodha ya maneno. Walielewa kwamba anayeshika maneno anashika habari yake pia. Sisi hatukuanza kazi hii, tunaiendeleza.

Salongo, halafu "incentive"

Wazee wetu wanakumbuka salongo ya Mobutu. Neno ni la Lingala, na kazi ilikuwa ya wote, ya lazima, bila malipo: kulima, kufagia, kutengeneza barabara. Wakati pesa ya Zaire ilipoanguka na mishahara ya serkali haikutosha hata wiki moja, watu walisema wanafuata "artikle 15": ujidebruye. Hakuna aliyehesabu tena. Kila mtu alitafuta njia yake.

Halafu vita. Kuanzia 1996 wengi wetu tulivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo, na Lugufu mwaka uliofuata. Ndani ya kambi kulikuwa walimu, waganga, wakunga, walinzi, wagawa chakula, wote wakimbizi. Walifanya kazi sawasawa na wengine, lakini walichopokea hakikuitwa "salary". Kiliitwa "incentive", yaani kitu cha kumtia mtu moyo. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kwenye kifungu cha 17, unasema juu ya haki ya mkimbizi kupata kazi ya mshahara. Lakini kambini sheria za kukaa na kutembea zilifunga mlango huo, na neno "incentive" likawa dirisha dogo. Wandugu, mnaona? Ni posho ya mpagazi, imerudi.

Hatusemi kwamba pesa hizo hazikusaidia. Zilinunua sabuni na madaftari ya watoto. Tunasema kwamba mtu aliyefundisha miaka kumi kwa "incentive", siku ya kurudi Baraka au Uvira, asiandike kwenye CV yake kwamba alikuwa "volunteer" tu. Aandike "teacher", na aandike miaka yote kumi. Neno la malipo lilikuwa dogo, lakini kazi ilikuwa nzima.

Kiingereza chenyewe kilikuwa na mabwana

Watu wengine wanaogopa Kiingereza wakifikiri kimeshuka toka mbinguni. Nacho kiko na historia ya kutawaliwa. Mwaka 1066 Wanormandi, watu wa lugha ya Kifaransa, walivuka bahari wakashinda Uingereza. Kwa miaka mingi bwana alisema Kifaransa na mtu wa shamba alisema Kiingereza. Majina ya kazi yanaonyesha jambo hilo mpaka leo. "Carpenter" ni "charpentier". "Tailor" ni "tailleur". "Butcher" ni "boucher". "Mason" ni "maçon". Hata "employ", "contract", "salary" na "labour" yamepita kwa Kifaransa. Lakini "baker", "smith", "shepherd" na "fisherman" yana mizizi ya Kiingereza cha zamani, ya watu wa kijiji.

Hiyo ni habari nzuri kwa mtu aliyesoma hapa Kongo. Nusu ya orodha ya kazi unaijua tayari. Badilisha matamshi tu. Na wewe uliyekulia Tanzania unajua nusu nyingine bila kujua, sababu dereva ni "driver", nesi ni "nurse", meneja ni "manager". Kwenye darasa letu aliyesoma Uvira na aliyesoma kambini wakikaa benchi moja, wawili hao wanafanya kamusi nzima.

Neno "job" lenyewe lilianza likiwa dogo. Zamani kwa Waingereza lilimaanisha kipande cha kazi, kitu cha kufanya mara moja na kulipwa. Baadaye likawa kazi ya kudumu. Hata wao walianza na kibarua.

Na tuangalie mkia wa maneno. "Employer" ni mwenye kuajiri, "employee" ni mwenye kuajiriwa. Ni sawa na mwajiri na mwajiriwa kwa Kiswahili: herufi chache za mwisho, na mtu amehama upande wa meza. Darasani, "trainer" anafundisha, "trainee" anafundishwa. Ukikosea mkia kwenye barua ya kuomba kazi, umejifanya patro.

Maneno yanayodanganya

Kuko maneno ambayo sura yake ni ya Kifaransa lakini roho yake imebadilika. Hayo ndiyo yanaleta shida zaidi kwa watu wetu.

"Chef": kwetu shefu ni mkubwa wa kazi au wa kijiji. Kwa Kiingereza ni mpishi mkuu. Usiandike "I was chef" kama ulikuwa shefu wa kartie, watakutuma jikoni.

"Licence": kwetu ni diploma ya iniversite. Kwa Kiingereza ni ruhusa, kama leseni ya kuendesha gari. Aliyemaliza iniversite aseme "degree".

"Stage": kwetu ni muda wa kujifunza kazi. Kwa Kiingereza ni jukwaa la waimbaji, au hatua. Sema "internship".

"Formation": kwetu ni mafunzo. Sema "training".

"Engaged": kwetu mtu amekuwa "engagé", maana yake amepata kazi. Kwa Kiingereza ukisema "I am engaged" bila kuongeza kitu, watu watakupongeza kwa uchumba. Sema "I was hired".

"Patron": kwetu ni mkubwa wa kazi. Kwa Kiingereza ni mteja au mfadhili. Mkubwa ni "boss", neno ambalo Wamarekani walilichukua kwa Waholanzi, au "employer".

Majina ya hesabu

Sasa turudi kwenye yale tuliyoanza nayo. Kati ya maneno yote ya somo la kazi, haya ndiyo ya kushika kwanza, hata kabla ya majina ya kazi yenyewe.

"Salary" ni malipo yaliyopangwa, mara nyingi ya mwezi. "Wage" ni malipo yanayohesabiwa kwa saa, kwa siku au kwa wiki. "Allowance" ni pesa ya kusaidia jambo fulani, kama chakula au safari, na haiwi mshahara hata ikiwa nyingi. "Incentive" mmeiona. "Casual worker" ni jurnalie, mtu anayehesabiwa kwa siku. "Volunteer" ni wa kujitolea: anaweza kurudishiwa pesa za njia, lakini karatasi yake haisemi mshahara. "Full-time" ni siku nzima, "part-time" ni sehemu. "Probation" ni muda wa kujaribiwa.

Kuwa jurnalie au wa kujitolea haiko haya. Watu wengi wameanza hapo na wameendelea vizuri. Haya ni kuingia bila kujua, na haya hiyo ni ya aliyeandika karatasi akijua kwamba msomaji hataelewa. Code ya kazi ya nchi yetu, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kontra ya kazi iandikwe. Karatasi iliyoandikwa kwa lugha ambayo mwenye kutia saini haisomi inamsaidia nani?

Kwa hiyo tumepanga somo la kazi lianze na maswali matano, na kila mwanafunzi ayaseme mpaka ulimi uzoee. "Is this a contract?" Hii ni kontra? "Who pays me?" Nani ananilipa? "How much, and when?" Kiasi gani, na lini? "Who counts the days?" Nani anahesabu siku? "Can I keep a copy?" Naweza kubaki na nakala? Mpagazi wa Ujiji hakuwa na nafasi ya kuuliza hayo. Kibarua wa Zanzibar na boyi wa Elisabethville nao hawakuulizwa kitu. Sisi tunaweza kuuliza, na kuuliza ni bure.

Kwa ninyi wafadhili na mashirika rafiki, tuko na ombi lisilohitaji bajeti kubwa. Mkileta karatasi ya kutia saini, lugha yoyote itakayokuwa, muweke ukurasa mmoja wa Kiswahili nyuma yake, wenye jina la kazi, malipo, muda na mtu wa kuuliza. Sisi tuko tayari kusaidia kutafsiri.

Na kwa memba wote: yeyote aliye na kipande cha baba yake, livre la kazi la zamani, kadi ya "incentive" ya kambini au kontra ya jana, ailete kwenye biro ya jumuiya. Tutafanya nakala na kumrudishia ya kwake siku hiyohiyo. Tutazisoma pamoja darasani, neno kwa neno, maana hakuna kitabu cha Kiingereza kinachojua kazi zetu kuliko karatasi hizo.